Fahamu: Daftari la sukari ni nini?

Ni kumbukumbu ya vipimo ambavyo mwenye kisukari hujipima kwa glukomita: tone la damu ya kidoleni, kijiti, namba.

Kiandikwe nini?

Namba peke yake haitoshi. 11.2 mmol/L saa mbili baada ya kula ugali ni habari moja, 11.2 asubuhi kabla ya chai ni nyingine kabisa. Weka tarehe, saa, chakula, dozi ya dawa au insulini, na kama uliumwa au ulilima. Andika pia kizio: 1 mmol/L ni sawa na 18 mg/dL.

Si kuna kipimo cha HbA1c?

Kipo, lakini hicho hutoa wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu. Sukari inayoshuka chini ya 4 mmol/L usiku wa manane hufichika humo. Ila daftari nalo lazima liwe la kweli: wapo wanaojaza namba nzuri tu, mkesha wa kliniki. Kwa namba hizo, daktari huweza kuwapangia dozi isiyowafaa.