Ukizuru Mombasa, panga asubuhi uache alasiri huru

WATU wengi wanaozuru Mombasa kwa siku mbili au tatu hurejea makwao na mojawapo ya malalamiko mawili. Kuna wanaosema walikimbizana na saa mchana kutwa bila kuuona mji, na kuna wanaojuta kuwa siku ziliyoyoma kabla hawajaamua pa kwenda.

Kwa familia iliyojinyima miezi kadhaa ili kugharimia likizo, hiyo si hasara ndogo. Dawa yake ni kutenganisha mambo ya kupangwa na yale ya kuachiwa miguu.

Ya kupangwa ni yasiyomngoja msafiri. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kuhudumu mwaka wa 2017, huondoka kwa saa maalumu, na tikiti za msimu wa sikukuu huwaniwa mapema. Isitoshe, kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa. Anayelenga fuo za Diani kupitia Likoni naye sharti atenge muda wa foleni ya feri, hasa asubuhi na jioni.

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2011, pia ina saa za kufunguliwa na kufungwa. Ni heri kuizuru asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kalenda nayo ni muhimu. Katika mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana na mitaa huchangamka baada ya futari. Asiyelijua hilo huenda akadhani mji umelala.

Hata hivyo, Mji wa Kale wenyewe, unaoanzia ubavuni mwa ngome, haufai kutembelewa kwa ratiba. Barabara ya Ndia Kuu, ambayo jina lake ni Kimvita cha 'njia kuu', huchipuza vichochoro vyenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Humo umo Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka wa 1570.

Anayepotea humu hapotei mbali: upande mmoja ni bahari, wa pili ni Barabara ya Digo. Salamu njema kwa wazee barazani, mavazi ya heshima na kikombe cha kahawa chungu humfunulia mgeni mengi ambayo hayamo katika ramani. Ila asiwapige watu picha bila idhini, na giza likiingia aepuke vichochoro visivyo na watu.

Kwa hivyo, kila siku itengewe jambo moja la lazima asubuhi, alasiri iachwe huru, na saa ya kurudi ijulikane. Nauli ya kurejea nyumbani nayo iwekwe kando mapema, kwani mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.