Hadithi za Kutisha Darasani: Tunajifunza Nini kwa Stephen King?

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hapa Uganda husoma vitabu vya lazima, hufanya mtihani, kisha hawafungui tena kitabu cha lugha hii. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni ya kihistoria: kwa familia nyingi, Kiswahili cha miaka ya 1970 kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini sheria haimfanyi mtu apende kusoma. Katika makala haya tunamtazama mwandishi wa Marekani aliyewafanya mamilioni wasome kwa hiari, tena kwa kuwatisha, ili tuone mbinu zake zinamfaa vipi mwalimu wa Kiswahili.

Mwalimu aliyeandika usiku

Stephen King alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Maine. Alipokuwa mtoto, yeye na kaka yake Dave walijichapia kijigazeti chao nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Maine aliandika safu katika gazeti la wanafunzi, akahitimu mwaka 1970, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Mshahara ulikuwa mdogo, hivyo aliandika baada ya kazi. Kurasa za mwanzo za riwaya yake Carrie alizitupa kwenye pipa la taka. Mkewe, Tabitha, aliziokota na kumhimiza aendelee. Kitabu kilitoka mwaka 1974, na mapato yake yakamwezesha kuacha ualimu.

Ingawa amechapishwa na kampuni kubwa, King amejaribu pia njia za kujitegemea. Mwaka 1996 alitoa The Green Mile kwa vijitabu sita, kimoja kila mwezi, kama hadithi za mfululizo ambazo wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanazifahamu sana. Mwaka 2000 aliuza sura za The Plant kwenye tovuti yake mwenyewe, akimwamini kila msomaji alipe. Aliisimamisha mwaka huohuo baada ya sehemu sita.

Aidha, King ameandika kuhusu utamaduni pendwa wenyewe. Danse Macabre (1981) ni kitabu kinachochambua redio, sinema, televisheni na riwaya za kutisha, hasa za kati ya 1950 na 1980. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2011 alikuwa na safu katika jarida la Entertainment Weekly, akijadili filamu, muziki na vitabu kwa lugha nyepesi.

Ngazi tatu za kutisha

Katika Danse Macabre, King anagawa hisia hizi katika ngazi tatu. Kwa Kiswahili tunapendekeza tuziite wahaka, kitisho na kinyaa. Tutazame mifano tuliyoitunga wenyewe.

Wahaka: "Mama alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mlango wa chumba cha babu, tuliyemzika Jumamosi, ukafungwa polepole kwa ndani."

Kitisho: "Mlango ukafunguka. Babu alikuwa amesimama kizingitini, sanda imemlegea mabegani."

Kinyaa: "Akafungua kinywa aseme, mabuu yakadondoka."

Katika wahaka hatujaona chochote, na akili ya msomaji ndiyo inayofanya kazi. Katika kitisho tumekwisha kuona. Katika kinyaa mwili wenyewe unakataa. King anaiweka ngazi ya kwanza juu ya zote. Asipoifikia hujaribu ya pili, na ikishindikana hukimbilia ya tatu bila haya. Anaeleza pia kwamba mlango uliofungwa hutisha kuliko uliofunguliwa, kwa sababu kinachoonekana, hata kiwe kikubwa namna gani, kimekwisha kupimwa.

Kiswahili kina nyenzo zake

Hapa ndipo somo la sarufi linapoingia. Tuchukue sentensi: "Nyuma ya pazia kulikuwa na kitu kinapumua." Kitenzi kupumua ni cha viumbe hai, ilhali upatanisho wa ki- unatuambia ni kitu tu. Msomaji ananaswa kati ya hayo mawili. Sasa tuongeze: "Akaniita jina langu." Kiambishi kimebadilika kutoka ki- kuwa a-, na kilichokuwa kitu kimekuwa mtu bila mwandishi kueleza lolote. Hali kadhalika, ki- ya kudunisha, kama katika "kitoto kinacheka", yaweza kuchekesha mchana na kuogofya usiku.

Nyakati nazo zina kazi. Mfululizo wa -ka- husukuma matukio mbele: akasimama, akasikiliza, akazima taa. Kiambishi -ki- hulisimamisha tendo likiendelea: "nilimwona akinitazama". Mwanafunzi aliyechoka na mazoezi ya kujaza mapengo huona tofauti hiyo mara moja anapotakiwa kuichelewesha hofu kwa sentensi moja zaidi.

Kuna pia semi za mwili: kijasho chembamba kumtoka mtu, nywele kumsimama, moyo kumwenda mbio. Tumuonye mwanafunzi asizirundike zote katika aya moja. Hofu inayotajwa mno hupungua.

Je, hii ni fasihi?

Mwaka 2003 King alipewa nishani ya heshima ya Taasisi ya Taifa ya Vitabu ya Marekani kwa mchango wake katika fasihi. Mhakiki Harold Bloom alipinga vikali. Mjadala huo sisi tunao pia, kati ya fasihi dhati na fasihi pendwa. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) na riwaya za Ben Mtobwa ni za uhalifu na upelelezi, na kwa muda mrefu zilisomwa zaidi nje ya darasa kuliko ndani yake. Tunaamini msomaji aliyeanza na vitabu vya aina hii ana nafasi nzuri ya kufika kwa Shaaban Robert au Kezilahabi kuliko yule ambaye hakuanza kabisa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika ukanda wetu wapo wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi. Hadithi inayomfanya bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi haiishii kwenye karatasi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwalimu amsaidie mwanafunzi kutafuta hofu mahali pengine, si kwa jirani asiye na mtetezi.

Zoezi tunalopendekeza ni fupi. Mpe mwanafunzi tukio moja, kwa mfano kugongwa kwa mlango usiku, aliandike kwa ngazi zote tatu, kila ngazi sentensi zisizozidi nne. Kisha darasa lisome kwa sauti na kujadili ni kiambishi kipi, wakati upi au neno lipi lililowatisha. Walimu watakaolijaribu tunawaomba watuletee kazi bora za wanafunzi wao.