Kabla Hujamuuzia Mteja Sola, Angalia Jua la Kwao

Leo naongea na wale mnaouza sola mtandaoni, hata kama ni paneli moja moja za kuchajia simu. Wa nguo na viatu someni tu, mi mwenyewe nilianza na viatu vya mtumba.

Mwaka juzi mwezi wa kwanza nilimuuzia mama mmoja wa Kamsamba seti ya friji. Paneli moja ya wati 150, betri ya 100Ah na friji ndogo ya 12V. Milioni moja na laki mbili. Maneno ya tangazo nilikopi kwa muuzaji wa Dar, kwamba jua la Tanzania linatosha, friji inapiga usiku na mchana. Mzigo ukaondoka hapa Chitete na gari la abiria, fundi akafunga, picha nikaweka stetasi. Siku hiyo hiyo nikapata oda nyingine mbili.

Siku ya tano usiku friji ikazima. Asubuhi ndoo mbili za maziwa zimeharibika. Yule mama hakunitukana, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mimi sikukuuliza jua la Tanzania. Nilikuuliza hili la kwetu." Kijana wake ndo alinimaliza. Aliingia kwenye grupu la mnada akaandika msinunue kwa huyu, tapeli. Wiki tatu simu haikuita.

Fundi akasema betri mbovu. Aliyeniuzia betri akasema fundi mbovu. Kumbe hesabu ndo ilikuwa mbovu, na mwenye hesabu ni mimi, sema sikuwahi kuipiga.

Wati 150 za kwenye lebo zinapimwa kiwandani, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Bonde la Kamsamba paneli ikae nyuzi 25 saa saba mchana? Haipo hiyo. Paneli ikipata joto inapunguza umeme. Na mwanga wa wati 1,000 haupo asubuhi wala jioni, wala siku ya mawingu. Ndiyo maana wanaojua wanahesabu jua la siku nzima kwa uniti, uniti ile ile ya Luku. Kwa Tanzania huwa inatajwa kati ya 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ona pengo hilo. Mwenye 4 na mwenye 7 huwezi kuwauzia seti moja.

Sasa namba ya kijiji cha mteja unaipata wapi? Bure, kwa bando la kawaida. Mi natumia PVGIS, ya kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilichopo Ispra, Italia. Wanachukua picha za setilaiti za miaka mingi, wanakadiria jua lililofika chini, na Afrika yetu imo. Hakuna kujisajili. Kiswahili haina, ila ramani haina lugha: unaweka pini kijijini kwa mteja, unachagua takwimu za mwezi, inakuletea mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka.

Usiangalie wastani wa mwaka. Tafuta mwezi mbaya. Huku kwetu mvua ni kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, na mimi nilimuuzia yule mama katikati ya mawingu nikiwa na maneno ya kiangazi. Tuseme Januari imekupa 140. Gawa kwa siku 31, unapata kama 4.5. Hizo zichukulie kama saa nne na nusu za jua kamili kwa siku.

Piga: wati 150 mara 4.5 ni 675. Toa kama asilimia 30 ya joto, vumbi, waya na betri, unabaki na 470 hivi. Friji ya yule mama nilikuja kuipima baadaye na kipimo kidogo cha wati, kwa ile fungua funga ya wateja inakula kama 600 kwa siku. Kila siku anadaiwa 130. Betri ya 100Ah ina 1,200, na hizi za kawaida ukivuka nusu unaiua, kwa hiyo akiba yake ni 600. Gawa 600 kwa 130 uone ni siku ya ngapi. Niliipiga hiyo hesabu usiku kwenye kikokotoo cha simu, nikakaa kimya kama dakika kumi.

PVGIS ina sehemu nyingine ya mitambo isiyo na umeme wa gridi. Unaweka wati za paneli, ukubwa wa betri na matumizi ya siku, inakwambia kila mwezi ni asilimia ngapi ya siku betri itaisha. Hapa kuna mtego, na kuna watu wazima wamenasa. Ukiifungua utakuta imeshajaza mlalo wa nyuzi 35 na uelekeo 0. Kwao 0 ni kusini, maana wao jua lao liko kusini. Sisi tuko chini ya ikweta, paneli inalala kidogo, nyuzi 10 hivi, ikitazama kaskazini. Kwa hiyo uelekeo unaandika 180. Ukiacha walivyojaza, mwezi wa 6 unaonekana mbaya kuliko ulivyo, maana umeigeuzia jua mgongo.

Halafu Global Solar Atlas, ile ya Benki ya Dunia na kampuni ya Solargis iliyotoka 2017, yenyewe 0 ni kaskazini na 180 ni kusini. Namba zile zile, maana kinyume. Usihamishe bila kufikiri.

Mi nafungua zote mbili. Zikipishana kidogo nachukua iliyo ndogo. Zikipishana sana nahisi nimekosea pini, na mara nyingi ni kweli. Kuna NASA POWER pia, ila mraba wake wa jua ni mkubwa, kama kilomita 110 kila upande, unameza mlima na bonde pamoja. Kwa sisi wa huku, Tunduma mtu anavaa koti, Kamsamba anatafuta kivuli, hiyo naiacha iwe ya kulinganishia tu.

La pembeni kidogo: wati 1,000 zile zinakusaidia kukamata lebo za uongo. Paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 hivi, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Ukiletewa ya mita moja kwa sentimita 67 imeandikwa 300W, hiyo hata 150 haifiki. Omba vipimo kabla hujatuma hela.

Yule mama nilimwongezea paneli ya pili kwa hela yangu na maziwa nikalipa. Fundi akaigeuza ile ya kwanza. Kijana wake hakufuta alichoandika, ila chini yake aliandika amerudi kurekebisha. Siku hizi kila oda ya friji namtumia mteja picha ya skrini ya mwezi wake mbaya, nimezungushia namba kwa wekundu, kabla sijataja bei. Wengine wanaona naringa, wanaenda kwa wa bei rahisi.

Juzi mama wa Kamsamba kanipigia, anataka friji ya pili, ya samaki. Nikaweka pini, nikapiga, nikamwambia mama, hapo ni paneli mbili zaidi na betri nyingine. Kasema bei kubwa, ngoja avune kwanza.