Ukuta wa mawe au ukuta wa mikoko?

Mimi ni mzaliwa wa Kenyenya, kule Kisii. Kwetu hakuna bahari, lakini mmomonyoko tunaujua: mvua kubwa ikinyesha, udongo huteremka hadi Mto Gucha, na mto huupeleka Ziwa Victoria. Mkulima wa kwetu hajengi ukuta wa saruji. Hupanda nyasi za nepia kwenye matuta, mizizi ishike udongo na mifugo ipate chakula.

Tangu nihamie Pwani, kila bahari inapokula ufuo wa umma nasikia dawa moja tu: ukuta. Ukuta una mahali pake. Bustani ya Mama Ngina, Mombasa, iko juu ya mwamba unaopigwa na bahari wazi; huwezi kupanda mkoko hapo. Lakini wimbi likigonga ukuta wima halifi. Hurudi na nguvu zake, likachota mchanga wa chini mpaka msingi ukabaki wazi. Na pale ukuta unapoishia, ndipo ufuo wa jirani huanza kuliwa.

Kwenye hori na ghuba zilizotulia, kama Tudor au Gazi, kuna njia nyingine: ufuo hai. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji, tope likatua, na ardhi ikapanda kidogo kidogo. Samaki wadogo na kaa hupata makao. Kule Gazi na Makongeni, Kwale, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Fedha za hewa ya ukaa zimesaidia maji na shule za kwao.

Lakini ndugu msomaji, kupanda si kuchomeka miche na kupiga picha. Mlilana hukaa mbele, karibu na bahari, mkoko hufuata, mkandaa hupenda nyuma. Ukikosea mpangilio, miche hufa. Usipande juu ya nyasi za bahari, wala usizibe mikondo ya maji. Pale penye mchanga mtupu, acha mimea itambaayo ishike mchanga, na uwawekee watu njia moja ya kupita.

Kaunti ikileta mpango wa ukuta kwenye ufuo wetu wa umma, tuhudhurie kikao tuulize maswali mawili: wimbi likirudi litakula wapi? Na je, hapa mikoko iliwahi kuota? Kama iliota, tuanze na miche.