Unapompangisha mwenzio nyumba yako

Ndugu Waislamu, mtu hujenga nyumba kwa miaka mingi, kisha kazi ikamhamishia Dodoma au kwingineko, akalazimika kuipangisha kwa mara ya kwanza. Wengi hudhani kupangisha ni kupokea kodi tu. Kisheria huo ni mkataba wa ijara: unauza manfaa ya nyumba kwa muda, nalo jengo linabaki milki yako.

Mkataba huo hausihi mpaka kodi na muda vijulikane. Basi andikeni mbele ya mashahidi, kama tulivyoelekezwa juu ya madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Andikeni nani atalipia maji, na kama mita ya LUKU ni moja, umeme utagawanywaje. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Paa likivuja, matengenezo ni juu ya mwenye nyumba. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida mpangaji hadaiwi. Hudaiwa alichoharibu kwa uzembe au kusudi.

Mtihani mkubwa uko mlangoni. Ufunguo wa akiba unao, lakini ndani mna mke na mabinti wa mwenzio. Suratun Nur, aya ya 27, inatutaka tuombe idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wengine, na kwa muda huo makazi hayo ni yake. Wala akitokea mwenye kodi kubwa zaidi, si halali kumtoa aliyekwisha kulipia mwaka mzima.

Nyumba yenyewe haina zaka. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, zaka iko katika kodi uliyoiweka ikafikia nisabu na kutimiza mwaka.

Wabillahi tawfiq.