Mwalimu, Tuachie Sisi



Mwaka jana alifariki jirani yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nasi tukatoka pamoja na watu kwenda kumzika. Ilipofika zamu yetu tuliliweka jeneza begani, lakini hazikutimia hatua ishirini magoti yakaanza kutetemeka. Kijana mmoja tuliyemsomesha chuoni akaingia mahali petu, akasema kwa adabu, "Mwalimu, tuachie sisi." Tulimshukuru, tukarudi nyuma. Lakini maneno yale yalitulemea kuliko jeneza lenyewe, kwani marehemu alikuwa na haki juu yetu, na mabega yetu yameshindwa kuitimiza.

Tulipofikiri tuliona kuwa dalili zilikuwapo siku nyingi. Tukiinuka kutoka katika sijida tulishika nguzo. Ndoo ya maji tulimwachia mtoto. Na kila mara tulisema, "Ni uzee." Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu.

Hapana shaka umri una sehemu yake. Wataalamu watwambia kwamba misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo baada ya miaka 30 hivi, na upungufu huo huzidi mtu apitapo miaka 60. Lakini sehemu nyingine haitokani na miaka, bali yatokana na kukaa. Sisi walimu twakaa mkekani tangu asubuhi hata jioni, na kiungo kisichotumiwa hunyong'onyea.

Je, kilichopotea chaweza kurudi? Mwaka 1990 madaktari wa mji wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 dhaifu, wenye umri wa kiasi cha miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu muda wa wiki 8. Wazee 9 walimaliza, na nguvu za miguu yao, kwa wastani, zilizidi maradufu. Ikiwa hayo yamewezekana kwa mtu wa miaka 90, sisi wa hamsini na kitu tuna udhuru gani?

Basi tukaanza nyumbani, bila ya kununua chombo chochote. Zoezi la kwanza ni kuketi kitini na kuinuka bila ya kushika kitu. La pili ni kusimama mbele ya ukuta, kuuegemea kwa viganja, kisha kujisukuma nyuma. La tatu ni kuinua dumu la maji kutoka chini, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, ili kazi ifanywe na miguu wala si kiuno. Kila zoezi twalifanya mara 8 hadi 12, twapumzika kidogo, kisha twarudia.

Uzuri wa maji ni kwamba lita 1 ina uzito wa kilo 1, basi mizani haihitajiwi. Tulianza na lita 5 katika dumu la lita 20. Kila mara 12 zikiwa nyepesi, twaongeza lita 1. Leo, baada ya miezi kumi, twainua lita 18. Anayetaka kuyafikia hayo kwa wiki moja atajiumiza, na kesho ataliacha jambo lenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki. Sisi twafanya Jumapili na Jumatano, na siku za katikati mwili hupumzika na kujijenga.

Yapasa pia kutahadhari. Usizuie pumzi unapoinua, bali itoe, kwani kuizuia hupandisha shinikizo la damu. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au ngiri amwone daktari kabla ya kuanza. Na atakayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja. Wala akina mama wasidhani kuwa haya ni ya wanaume peke yao, kwani mifupa yao ina haja kubwa ya mazoezi haya.

Nanyi vijana wetu, tuna neno moja kwenu. Adabu yenu ya kuwapokea wazee mizigo ni njema, na msiiache. Lakini mzee mwenye uwezo akitaka kubeba kapu lake, msimnyang'anye kila mara. Heshima inayomwondolea mtu kila kazi mwishowe humwondolea na nguvu zake.

Mwezi uliopita tulizika tena. Tulilichukua jeneza, tukazipita zile hatua ishirini na nyingine nyingi, kisha tukampisha kijana kwa hiari yetu. Na msikitini, nguzo ile hatuishiki tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atuwezeshe kuitumia katika kheri. Amin.