Siku kumi za mbwa aliyeuma

Mara nyingi mbwa wa Kasongo au Kabambare, huko Maniema, mashariki ya Kongo, haponzwi na chuki. Anaponzwa na hofu. Ameuma mtoto, au ameonekana njiani akitokwa na mate, vijana wanashika fimbo na mapanga, na kabla jua halijazama mzoga umekwisha kufukiwa. Baada ya hapo hakuna anayeweza kujua kama alikuwa na kichaa cha mbwa au alikwamwa na mfupa kooni. Anayetaka kufungua huko makao ya mbwa waliotelekezwa na walio walemavu, kwa sharti kwamba hakuna atakayeuawa, ana kazi na hofu hiyo kwanza. Kuta na paa vinaweza kungoja.

Sharti hilo lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1994 San Francisco ilifanya mkataba kwamba kila mbwa au paka mwenye afya atafutiwe nyumba badala ya kudungwa sindano ya kifo. Kipimo kilichozoeleka huko leo ni asilimia 90: kati ya wanyama 100 wanaoingia, wasiopungua 90 watoke wakiwa hai, na wanaobaki wawe wale ambao maumivu yao hayana tiba. Watu huisifu hiyo 90 wakasahau kwamba wanyama hao wanatoka. Chukua mabanda 30. Kila mwezi waingie mbwa wanne, achukuliwe mmoja. Mwezi wa kumi nafasi imekwisha, na mbwa aliyepooza miguu ya nyuma bado ana miaka ya kugeuzwa, kusafishwa na kulishwa. Marekani familia huja makaoni kuchagua mbwa wa kwenda naye nyumbani. Kasongo nani atakuja?

Watakuja wachache mno, na ukatili si sababu. Mbwa anayezurura kijijini kwa kawaida ana mwenyewe. Anakula ukoko wa wali, analala barazani, anabweka mgeni akipita. Mwingine ni wa mwindaji: anaingia msituni upande wa mto Luama, ananasa mguu kwenye mtego wa waya au anachanwa na nguruwe pori, anarudi na miguu mitatu. Miguu mitatu haimuui mbwa, tena anaizoea upesi kuliko bwana wake. Kinachomuua ni upele, funza na njaa, kwa kuwa amekoma kuleta nyama. Upele unatibika kwa ivermectini, dawa ambayo vijiji vingi vya Kongo vinaijua kwa jina la Mectizan kwa sababu binadamu humezeshwa dhidi ya upofu wa mtoni. Kipimo cha mbwa apange daktari wa mifugo, kwani ikizidi ni sumu.

Mashariki ya Kongo si ngeni kwa makao ya wanyama. Lwiro, Kivu Kusini, imekuwa ikipokea sokwe na kima mayatima tangu 2002, na Bukavu kuna shirika la Sauvons nos Animaux linalotunza mbwa na paka. Lakini sokwe wa Lwiro mama yake amepigwa risasi, hana pa kurudishwa. Mbwa wa Kabambare ana kwao, na kumtibu akiwa huko huko ni rahisi kuliko kumjengea kwingine. Mwenye mbwa akubali tu kumshika.

Hapo dini nayo ina neno. Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa, na watu wake, hadi leo una Waislamu wengi, na fikihi ya Kishafii inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanaosimama hapo. Fikihi hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa mawindo na wa ulinzi, na kila mwalimu wa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Najisi ni habari ya kutawadha. Haikumpa mtu ruhusa ya kumtesa mnyama. Na atakayesema mji wa Waislamu hautakubali kampeni ya mbwa, atazame Pemba: mbwa walichanjwa kisiwa kizima, kichaa kikatoweka 2014, kikarudi 2016 kutoka nje, chanjo ikarudishwa, na kufikia 2018 kikatoweka tena.

Kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna mgonjwa anayepona. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuwaua hakufanyi hivyo. Flores, Indonesia, kichaa kiliingia 1997, wakauawa mbwa kwa maelfu mengi, na ugonjwa ukabaki, kwa sababu panga halichagui: linamuua pia aliyekwisha kuchanjwa, wenye mbwa wanawaficha au kuwahamishia kijiji kingine, na nafasi za waliokufa zinajazwa na watoto wasio na kinga.

Kasongo umeme ni wa shida, na chanjo inataka baridi. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walionyesha mwaka 2016 kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa inayotumika sana hubaki na nguvu ikikaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Kisha wakatengeneza vyungu vya udongo vinavyopozwa na maji yanayokauka polepole, vya kuhifadhia dozi kijijini. Mfinyanzi wa Maniema hahitaji kufundishwa chungu cha maji.

Kwa hiyo banda la kwanza la makao haya lisiwe la walemavu. Liwe la mbwa aliyeuma. Mtoto anaoshwa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, anaanza chanjo siku hiyo hiyo. Mbwa, kama anaonekana mzima, anafungiwa siku 10. Mwenye kichaa anayetoa virusi kwenye mate hafikishi siku hizo bila kuugua au kufa. Akizimaliza akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki za mtoto, na mbwa anachanjwa kisha anarudishwa kwao. Akiuawa siku ya kwanza, familia inalipia safari na dozi zote bila kujua kama zilihitajika.

Vyumba viwili vya matofali vinatosha kuanzia, kila kimoja na mlango wa chuma na tundu la kupitishia chakula bila mkono kuingia. Ufunguo akae nao mtu mmoja aliyechanjwa, na daftari liandikwe tarehe ya kuuma, jina la mwenye mbwa na alivyokula kila siku. Mbwa wa miguu mitatu na kipofu watapata banda lao pale majirani watakapoona kwamba mbwa aliyeuma alirudi kwao na hakuna mtu aliyekufa.